Kutazama ndege kuanzia Mwanza: tathmini ya Saanane, mialo ya mjini, Ghuba ya Speke na Rubondo

Mgeni akifika Mwanza na kuuliza mahali pazuri pa kutazama ndege, wenyeji wengi humwelekeza Serengeti, na madereva wa watalii humvusha mjini upesi ili awahi langoni kabla jua halijawa kali. Ushauri huo si wa uongo, kwa maana Serengeti ina zaidi ya aina 500 za ndege, lakini unamfanya mgeni apite kando ya ziwa zima bila kusimama. Mimi ni mkazi wa Ilemela na mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Kwa miaka saba nimekuwa nikibeba darubini na daftari karibu kila mwisho wa wiki, kandokando ya Ziwa Victoria na katika hifadhi zinazofikika kutoka hapa kwa gari, boti au kivuko. Nimelipa viingilio kutoka mfukoni mwangu, nimelala kwenye mahema, nimenyeshewa, na safari mbili zimenirudisha nyumbani nikiwa na hasira ambayo bado sijaisahau. Ninayoyatathmini hapa ni maeneo niliyoyarudia katika misimu tofauti, kwa sababu ziwa la Januari, lenye ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia, silo ziwa la Julai.

Mahali pa ndege napapima kwa maswali machache. Je, ndege wanaonekana kwa karibu bila mtu kuwafuata hadi kwenye viota vyao? Je, mtazamaji anaweza kuwa mahali pake mapema, ikizingatiwa kwamba jua la Mwanza huchomoza saa moja kasoro na kufikia saa tatu na nusu ndege wengi wameshaingia vivulini? Na je, mwongozaji yuko tayari kusimama? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Waongozaji wengi tulio nao wamezoea kutafuta simba na tembo, kazi inayotaka mwendo, ilhali ndege hutaka mtu akae mahali pamoja dakika ishirini, na gari likizimwa dakika ishirini dereva huona kwamba amekosea kazi. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na wengi wao hawaonekani na mtu mwenye haraka.

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ndiyo ninayoitanguliza, na ninaitanguliza mbele ya hifadhi kubwa nikijua kwamba baadhi ya wasomaji watashangaa. Ni hifadhi ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, yenye kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yanayoizunguka, na imebeba jina la Saanane Chawandi, mzee aliyeishi na kulima kisiwani humo zamani. Mwaka 1964 kisiwa kilifanywa bustani ya wanyama, baadaye kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mtu hupanda boti Capri Point, katikati ya jiji, na kwa muda usiozidi dakika kumi anakuwa ameiacha milio ya bodaboda nyuma yake. Hakuna hifadhi nyingine niijuayo katika nchi hii ambapo mfanyakazi wa benki anaweza kutoka nyumbani kwake kwa miguu, akatazama furukombe, yaani tai mla samaki, akila, na kurudi mjini kabla ya chakula cha mchana.

Ubora wa Saanane unaanzia kwenye gati lenyewe. Wageni wengi hushuka botini na kuelekea moja kwa moja kwenye njia ya kupanda mawe, kwa kuwa wameambiwa kuna pundamilia na swala. Mimi hukaa palepale gatini. Mdiria mweusi na mweupe, ndege ambaye kila mvuvi wa ziwa hili anamjua hata kama hajawahi kumpa jina, hupenda kutua kwenye nguzo na kamba za boti, na akizoea kwamba hutikisiki atakuja hadi hatua nne kutoka ulipo. Asubuhi moja ya Februari nilimtazama dume mmoja kwa muda wa saa nzima. Dume hutambulikana kwa mikanda miwili myeusi kifuani, jike akiwa na mmoja tu, nao mara nyingi haukamiliki katikati. Aliondoka kwenye nguzo, akasimama hewani juu ya maji huku mbawa zikipiga kwa kasi na kichwa kikiwa kimetulia kana kwamba kimefungwa kwa uzi, akajiangusha, akaibuka na samaki mwenye urefu wa kidole. Akarudi kwenye nguzo, akamgeuza samaki mdomoni hadi akamshika vizuri mkiani, kisha akampigiza kwenye mbao mara sita, upande huu na upande ule, hadi magamba yakarukia viatu vyangu. Baada ya hapo alimgeuza tena ili kichwa kitangulie, maana samaki akimezwa kuanzia mkiani mapezi yake humkwama ndege kooni, akammeza kwa mara moja na kutikisa mabawa.

Mhifadhi aliyekuwa zamu siku ile, dada mmoja wa makamo, hakunihimiza niondoke. Alikaa kwenye jiwe akanisubiri, na tulipoanza kupanda aliniambia, "Mwalimu, shusha darubini kwanza, tusikilize." Tulisikiliza. Ndani ya muda mfupi alikuwa amenitajia sauti tano, na ya sita ikawa ya furukombe waliokuwa wakiitana kutoka miti miwili iliyotazamana, dume kwa sauti nyembamba na jike kwa sauti nzito zaidi, kila mmoja akirusha kichwa nyuma hadi kisogo kinakaribia mgongo. Furukombe hapigi mbizi kama mnandi, yule ndege mweusi wa majini. Hushuka kwa mlalo na kumnyakua samaki aliye karibu na uso wa maji kwa kucha zake, na kutoka kwenye mawe ya juu ya Saanane tendo hilo huonekana kutoka juu, jambo ambalo ni adimu kulipata mahali pengine. Mwongozaji wa namna hii ndiye huduma ninayoilipia. Sijui ni wangapi kati ya wageni wa siku ile walioondoka bila kujua kwamba yupo.

Mkuyu mmoja mkubwa uliopenya katikati ya mawe una kiota cha fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kishungi kinachofanya kichwa chake kifanane na nyundo. Kiota chake ni kuba la vijiti, majani na matope, kubwa kuliko pipa, lenye mlango chini pembeni ambako nyoka hawezi kuingia kwa urahisi, na paa lake ni imara kiasi cha kuweza kubeba uzito wa mtu mzima. Nimewaona dume na jike wakileta matope kwa midomo na kuyapachika kwenye ukuta wa ndani, safari baada ya safari. Watu wengi wa kanda hii wamekua wakiambiwa kwamba kiota cha ndege huyo kisiguswe, na ingawa sababu wanazotoa zinatofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, nashukuru kwamba imani hiyo imewalinda kuliko kibao chochote cha onyo.

Juu ya maji, kwenye matawi yaliyoinama, kwera hujenga viota vyao vya majani yaliyosukwa, na chini kabisa, kwenye mawe yenye joto, hukaa mijusi wenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu ambao watoto huwapenda kuliko ndege. Ushauri wangu kwa anayekwenda Saanane kwa ajili ya ndege ni kuepuka Jumamosi, Jumapili na sikukuu, siku ambazo kisiwa hujaa familia na makundi ya wanafunzi. Furaha yao ni halali na ninawapeleka wanafunzi wangu mimi mwenyewe, lakini kisiwa kidogo hakina pembe ya kujificha. Siku ya kazi, boti ya kwanza, utapata ukimya unaouhitaji.

Nje ya hifadhi, jiji lenyewe linastahili nusu siku. Mwaloni Kirumba, kwenye soko kubwa la samaki, hakuna anayekwenda kwa nia ya kutazama ndege, na ndiyo sababu ndege wake hawaogopi watu. Korongo marabu, warefu hadi kufikia mita moja na nusu, hutembea kati ya wachuuzi wakisubiri vichwa na matumbo ya samaki, na mtu anaweza kuchunguza kwa macho matupu kile ambacho vitabu hueleza kwa michoro: kichwa na shingo visivyo na manyoya, vinavyomwezesha kula mizoga bila kuchafuka, na miguu myeupe ambayo si myeupe kwa asili, bali hupakwa kinyesi chake mwenyewe ili ipoe wakati wa joto. Wachuuzi huwafukuza kwa ufagio bila chuki. Mwewe huzunguka juu na kunyakua vipande vya samaki hata kwenye beseni la mtu. Yangeyange husimama pembeni mwa dagaa walioanikwa, nao mnandi husimama kwenye miamba iliyo karibu na maji, mabawa yamefunguliwa, wakijikausha.

Hakuna kiingilio cha kutazama ndege hapo, lakini kuna adabu yake. Ukifika salimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na useme umekuja kutazama ndege kabla hujainua darubini, kwa kuwa mtu anayeelekeza kioo kwenye mitumbwi ya watu bila kujieleza hudhaniwa kuwa amekuja kukagua nyavu. Baada ya kujieleza, nimepewa kiti, nimeletewa chai, na mzee mmoja aliyewahi kuvua kwa miaka mingi alinionesha jinsi wavuvi wanavyotambua kundi la dagaa kwa kuwafuata shakwe na buabua. Kati ya Novemba na Machi buabua wahamaji huwa wengi mno, na ukibahatika kuwa ufukweni siku ambayo wadudu wadogo wasiouma wanapanda kutoka ziwani kama nguzo za moshi, utawaona buabua hao pamoja na mbayuwayu wakiingia na kutoka ndani ya moshi huo hadi giza linapoingia.

Mlima wa Capri Point, wenye mawe makubwa yaliyopandana, naupendekeza kwa ajili ya ndege mmoja: kasuku mdogo wa Fischer, mwenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Watu wa Ulaya na Marekani humfahamu akiwa ndani ya tundu, ilhali kwao asilia ni huku kwetu, kaskazini mwa Tanzania, hasa kusini na kusini-mashariki mwa ziwa. Biashara hiyo ya matundu ndiyo iliyompunguza. Mwaka 1987 ndiye aliyekuwa ndege aliyeuzwa sana kati ya kasuku wote wa mwituni waliosafirishwa kimataifa, na mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje ya nchi. Leo kundi la kumi na wawili likipita juu ya paa la mabati la jirani yako huku likipiga kelele nyembamba, unamwona ndege ambaye mtu wa mbali amemlipia fedha nyingi amtazame akiwa amefungiwa.

Sasa nieleze safari ya kwanza iliyoniudhi, maana tathmini inayosifu tu haimsaidii msomaji. Nilikodi boti kwa mtu binafsi, ambaye simtaji, atupeleke mimi na wenzangu watatu kwenye kisiwa kidogo cha mawe ambako mnandi hutaga. Nilikubaliana naye waziwazi kwamba tungekaa mbali na kuzima injini. Tulipofika, aliongeza mwendo hadi karibu kabisa na mawe, akapiga kelele na kugonga ubavu wa boti kwa kasia, ili ndege wote waruke na sisi tupate picha. Waliruka kweli, zaidi ya mia mbili, na anga ikawa nyeusi. Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka: mwewe wawili walikuwa chini kwenye viota kabla sisi hatujageuza boti, na mmoja alipita juu yetu akiwa na kinda lisilo na manyoya kwenye kucha. Dereva alidhani ametutendea wema. Nilimlipa, nikamweleza, na sikurudi kwake. Tangu siku hiyo kabla ya kukodi boti yoyote humwuliza dereva swali moja, kwamba kutoka kwenye miti yenye viota atasimama umbali gani. Akijibu kwamba atanifikisha hadi nivishike kwa mkono, naitafuta boti nyingine.

Barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma inafuata upande wa Ghuba ya Speke, na ndani ya kilomita kama 140 za mwanzo, hadi Lango la Ndabaka la Serengeti, mtu mwenye gari lake anaweza kusimama mara nyingi kuliko atakavyoweza kusimama akiwa na kampuni ya utalii. Mashamba ya mpunga na madimbwi yaliyo karibu na Mto Simiyu, upande wa Magu, ni mazuri hasa mvua za vuli zikishashika. Hapo ndipo nilipomwona ndege wa majani ya yungiyungi, mwenye vidole virefu vinavyomwezesha kutembea juu ya majani yanayoelea bila kuzama, akifanya jambo nililokuwa nimelifundisha darasani kwa miaka bila kulishuhudia. Katika jamii ya ndege hao, dume ndiye anayelalia mayai na kulea. Nilimwona dume mmoja akitembea na miguu minane ya ziada ikining'inia chini ya mbawa zake, mirefu na myembamba kama nyasi kavu. Makinda manne yalikuwa yamebanwa kwapani mwake, akiwahamisha kutoka mahali ambapo ng'ombe walikuwa wameanza kuingia majini. Alivuka mfereji, akalegeza mbawa, na makinda yakadondoka moja moja na kuanza kutembea.

Katika madimbwi hayohayo hukaa korongo mweusi ambaye mdomo wake haufumbi katikati. Uwazi huo si kilema. Humsaidia kumshika konokono na kumtoa ndani ya kombe lake, na kinda huzaliwa bila uwazi huo, ukaja kujitokeza anapokua. Kwarara, bata bukini na vitwitwi wahamaji huonekana kila safari. Korongo taji, mwenye shada la dhahabu kichwani, sikumwona kila safari, na niliyemwona alikuwa na mwenzake mmoja tu. Ndege huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2012, na mabwawa ya namna hii yanayogeuzwa kuwa mashamba ndiyo makazi yake.

Safari ya pili ya hasira ilinikuta upande huo. Mwongozaji niliyemkodi alikuwa na spika ndogo, akawa anapiga sauti za ndege zilizorekodiwa kila tulipokaribia kichaka, tena kwa sauti ya juu na bila kupumzika. Ndege walitokea, sikatai, na mtu anayejaza orodha angefurahi. Lakini dume anayesikia sauti ya dume mwingine katika eneo lake huacha kila anachofanya ili aje kupigana na asiyekuwapo, na mmoja wao alizunguka juu ya spika ile kwa dakika nyingi akiwa na mdudu mdomoni, chakula ambacho bila shaka kilikuwa cha makinda. Niliomba azime. Alizima, akaniuliza sasa nataka kuona nini.

Ndani ya Ndabaka, ukanda wa magharibi wa Serengeti ni bora kwa mtu anayependa ndege wa nyika na wa miti ya kando ya mto, na mpaka wa tambarare na ziwa uko karibu kiasi kwamba asubuhi moja inatosha kuwaona mwari na hondohondo. Sitauelezea kwa urefu kwa kuwa umeelezwa sana na wengine. Niseme tu kwamba kulipia gari na kiingilio cha siku moja kwa ajili ya ndege peke yake kuna maana ikiwa dereva amekubali mapema, kabla ya fedha kutolewa, kwamba simba hatatafutwa.

Rubondo ni habari nyingine. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ina kilomita za mraba karibu 457 ikijumuisha maji, na kisiwa chake kikuu kimefunikwa na msitu kwa sehemu kubwa. Kutoka Mwanza mtu huvuka Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo tangu lifunguliwe mwezi Juni 2025 limeondoa kungojea kivuko, hupita Sengerema na Geita hadi Nkome, kisha hupanda boti; njia nyingine ni ya upande wa Chato, ambayo hupunguza muda wa majini na kuongeza wa barabarani. Gharama kubwa ya safari ni boti, na kwa mtu mmoja inaumiza. Sisi tulikwenda watu sita tukagawana, tukalala kwenye mabanda ya hifadhi, tukabeba mchele, maharage na mafuta kutoka nyumbani. Kwa mpangilio huo safari ya siku tatu iliwezekana kwa mishahara ya kawaida, ingawa ilitubidi tuanze kuweka akiba miezi mitano kabla.

Tulichokipata kilistahili akiba hiyo. Rubondo ni miongoni mwa sehemu zenye furukombe wengi sana barani. Ukiwa kwenye boti kando ya ufuko, wa kwanza hajaachwa nyuma kabla wa pili hajaonekana mbele, na asubuhi sauti zao huanza upande mmoja wa ghuba na kupokelewa hadi upande wa pili kama adhana inayopokezana misikiti. Ndani ya msitu kuna kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, ambao walifunguliwa huko mwaka 2000 baada ya kunaswa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Tuliwasikia siku mbili mfululizo bila kuwaona, na siku ya tatu, tukiwa tumekata tamaa na tunafunga mizigo, watatu walipita juu ya mabanda kwa mwendo wa moja kwa moja, mikia yao ikiwaka kwenye jua la asubuhi. Mwenzetu mmoja, fundi seremala ambaye tulimbembeleza kuja, ndiye aliyewaona kwanza.

Karibu na kisiwa kikuu kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Kisiwa cha Ndege, ambako mnandi, yangeyange na jamaa zao hulala na kutaga kwa wingi. Askari aliyetuongoza alizima injini mbali, akaiacha boti ielee kwa upepo, na hakuna ndege hata mmoja aliyeondoka kwenye kiota. Tulikaa robo tatu ya saa. Harufu ni kali na kelele ni kubwa, lakini mambo yanayoonekana ni ya nyumbani kabisa: kinda linalomlazimisha mzazi kufungua koo, dume linalomletea jike kijiti kilekile kilichodondoka, jirani anayeiba vijiti mwenye kiota akigeuka. Nilimwandikia askari huyo sifa zake katika kitabu cha wageni kwa kurasa mbili. Tahadhari moja ni kwamba kuna mamba, na matembezi ya pembezoni mwa maji hufanywa pamoja na askari tu.

Mwenye likizo ndefu zaidi na aendelee hadi Kagera, kwenye Msitu wa Minziro uliopo mpakani na Uganda, ambako hupatikana ndege wa misitu ya Kongo ambao hawaonekani popote pengine Tanzania. Nimefika mara moja tu, katika mvua, na ziara moja hainipi haki ya kuhukumu. Vivyo hivyo kwa mabwawa ya mafunjo ya Mto Mara, karibu na Musoma: wapo ndege wanaoishi ndani ya mafunjo na si kwingineko, na mafunjo yakichomwa au kukatwa hawana pa kuhamia. Nitayaandikia nitakapoyarudia.

Kuhusu vifaa, darubini ya nane kwa arobaini na mbili, yaani inayokuza mara nane na yenye vioo vya mbele vya milimita 42, inatosha kwa maeneo yote niliyoyataja, na ni afadhali iliyotumika lakini yenye vioo safi kuliko mpya ya bei ya chini inayoumiza macho baada ya saa moja. Programu ya Merlin, ambayo hupakuliwa bure kwenye simu, husaidia sana kutambua ndege kwa picha na maelezo, mradi uipakue pamoja na orodha ya eneo lako ukiwa bado mjini, kwa kuwa mtandao visiwani hukatikakatika. Vaa nguo za rangi ya udongo au majani, beba kofia na maji, na usiingie majini kwenye fukwe zenye majani na konokono, kwa sababu kichocho kipo. Boti ipandwe asubuhi. Kuanzia mchana upepo wa ziwani huinua mawimbi, darubini haishikiki, na mtu asiyezoea hutapika. Kwa msimu, Novemba hadi Machi huwa na aina nyingi zaidi kwa sababu ya wahamaji, na miezi ya mvua huwa na kwera waliovaa rangi zao za kutafuta majike, ambao mkulima huwaona kama wezi wa nafaka na mimi huwaona kama mafundi wasusi.

Kwa mwenye siku moja tu Mwanza, nashauri hivi. Chagua siku ya kazi, fika Capri Point mapema kwa boti ya kwanza ya Saanane, na umweleze mhifadhi tangu mwanzo kwamba umekuja kwa ajili ya ndege, ili akupangie mwongozaji anayewajua na asikuharakishe. Dakika ishirini za kwanza zitumie gatini kwa mdiria. Baadaye panda hadi kwenye mkuyu wenye kiota cha fundichuma, ukae upande wa kivuli, chini ya upepo, mbali kiasi kwamba ndege hawakugeukii. Jioni, saa kumi na moja, teremka Kirumba ukiwa na shilingi elfu mbili za chai, usalimie, ukae karibu na dagaa walioanikwa, na ungojee korongo marabu waanze kupanda kwenye miti yao ya kulala.